Kabla Hujauza Ng'ombe: Kumchagulia Mtoto Sekondari ya Kijijini

Mada ya kipindi cha wazazi, siku ya pili ya sherehe za miaka 20 ya ushirika wetu, Sirari. Imeandikwa kama ilivyosemwa, imepunguzwa kidogo.

  

Nimepewa dakika arobaini, nikaambiwa nizungumze juu ya malezi. Mchungaji, naomba radhi. Malezi ni neno pana mno, na mimi ni mwalimu wa Hisabati, napenda swali lenye jibu. Nitachukua kipande kimoja tu: mtoto anamaliza shule ya msingi, au wenzetu wa Kenya mtasema anamaliza Gredi ya 9, na nyumbani mnabishana aende wapi. Shule kubwa ya mbali yenye jina, au ile ndogo ya kijijini ambayo kengele yake ni ringi ya gari iliyoning'inizwa mwembeni.

Jana kwenye shuhuda baba mmoja alisimama akasema binti yake amefaulu usaili wa shule kubwa ya kulipia, mwakani anaanza. Tukapiga vigelegele. Ni haki yake, na mimi nilipiga. Akafuata mama mmoja, akasema wa kwake mwakani atasoma palepale kijijini, tumwombee. Tukasema amina moja, tena nyembamba, na mwenye kipaza sauti akamwita mwingine. Mimi nilikuwa benchi moja na huyo mama. Aliporudi kukaa nikamwona anakunja kitambaa chake cha kichwa, anakikunjua, anakikunja tena. Usiku sikulala vizuri. Kwa hiyo mada yangu niliyoandaa imebaki kwenye mkoba.

Nianze kwa kuungama. Nimefundisha miaka 29. Kumi na miwili ya mwisho nilikuwa kwenye shule ya kata, juu kule milimani, wanafunzi hawafiki 200. Na mtoto wangu wa kwanza sikumpeleka shule ya namna ile niliyokuwa nafundisha mimi mwenyewe! Mimi na baba yake tuliuza ng'ombe wawili, tukakopa VICOBA, tukampeleka bweni, mbali, kwenye shule yenye jina. Jina lenyewe silitaji, hata mkinisubiri mlangoni.

Kidato cha kwanza akaandika barua nzuri. Cha pili, barua fupi. Cha tatu ikaja barua ya shule yenyewe: kwa kuwa wastani wa kijana umeshuka chini ya ule unaotakiwa, mzazi ashauriwe kumtafutia mazingira yatakayomfaa zaidi. Kiswahili kizuri kweli. Nikaenda kumpokea stendi ya Tarime. Ameshuka na tranka na godoro limefungwa kwa kamba ya katani, hasemi kitu. Njiani nikamwuliza, mwanangu, mwalimu wako wa Hisabati anaitwa nani? Akanitajia. Nikamwuliza, yeye anakujua? Akasema, "Mama, sisi wa mkondo D hatujui. Anatuita kwa namba."

Miaka miwili na kitu nalipa ada, mimi mwalimu wa Hisabati, na anayemfundisha mwanangu Hisabati hajui jina lake. Lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Shuleni kwangu nilikuwa nalalamika kwamba wazazi hawaulizi chochote, wanaleta mtoto kama mtu anayeacha mzigo stoo. Na mimi kule nilikwenda hivyohivyo. Niliuliza ada, niliuliza orodha ya vifaa, nikatazama geti, nikatazama basi lililoandikwa jina la shule ubavuni, nikaondoka.

Alimalizia shule ya kijijini. Darasa lao la kidato cha nne walikuwa 38. Akapata divisheni ya tatu, pointi 24. Leo anatengeneza friji na viyoyozi Mwanza, anakula na wakati mwingine ananitumia na mimi nile. Siwapi huu kama ushuhuda wa muujiza. Daraja la tatu ni daraja la tatu. Nasema tu kwamba ng'ombe wawili walikwenda kwa sababu sikujua kusoma karatasi.

Basi tusome karatasi kwanza.

Ndugu zangu wa Tanzania, matokeo ya kidato cha nne Baraza la Mitihani linayaweka kwenye tovuti, shule moja moja, mtu yeyote anaona. Kama huwezi, mpe kijana wako simu akufungulie. Sisi macho yetu yanakwenda kwenye divisheni ya kwanza: wako wangapi? Acha hapo kwanza. Tazama wamefanya mtihani watoto wangapi. Halafu mwambie kijana afungue matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule hiyohiyo, ya miaka miwili kabla. Kama kidato cha pili walikuwa 120 na kidato cha nne wamekuwa 74, hao 46 wamekwenda wapi? Wengine wamehama na wazazi, wengine wamekariri darasa, wengine wameacha, sawa. Lakini wengine wamepewa barua nzuri ya Kiswahili kama ya mwanangu. Shule inayopunguza watoto dhaifu njiani itafaulisha asilimia mia, na wewe utaiita shule bora. Uliza. Mkuu wa shule mkweli atakujibu bila kukasirika.

Na kwenye shule ndogo kuna mtego wa upande mwingine. Watoto wakiwa 20, kila mmoja ni asilimia tano. Mwaka huu wawili wakifanya vizuri, shule inaonekana imepaa. Mwakani wawili wakiugua, imeanguka. Kwa hiyo usitazame mwaka mmoja. Tazama mitatu, minne.

Halafu shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, pale palipoandikwa masomo. Hapa ndipo nataka mnisikilize, maana hapa watoto wetu wa vijijini ndipo wanapopotelea bila kelele. Tazama mstari wa Fizikia. Wamefanya wangapi? Tazama Kemia. Ukiona kidato cha nne wako 60 na Fizikia wamefanya wanne, au mstari wenyewe haupo, ujue shule hiyo haina mwalimu wa Fizikia, au alikuwepo akahama. Mtoto anaweza kupata divisheni nzuri hapo kwa Historia, Jiografia, Kiswahili na Uraia, mkachinja kuku. Halafu anasema, mama, nataka uuguzi. Mnakwenda chuoni mnaambiwa kozi za afya zinadai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mlango ulifungwa siku alipoingia kidato cha tatu akaacha Fizikia kwa kuwa hakuna wa kumfundisha. Hakuna aliyemfukuza, hakuna barua. Nimewaona watoto hao, wengine ni wa kanisani, wengine nimewafundisha mimi.

Kwa hiyo swali la kwanza ukifika shule ya kijijini, ukishasalimia, ni hili: mwaka huu, leo, ni somo gani halina mwalimu? Usiulize kama walimu wapo. Ukiuliza hivyo utajibiwa wapo. Uliza lipi halina.

Wenzetu wa Kenya, kwenu swali hilo limebadilika sura. Watoto wa kwanza wa Gredi ya 10 ni wa Januari 2026, na mtoto anachagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Sasa, si kila shule ya upili ina mikondo yote mitatu. Ile ndogo ya kutwa karibu na nyumbani inaweza kuwa na miwili. Na hata kwenye mkondo uliopo, si kila mchanganyiko wa masomo unafundishwa. Basi uliza mchanganyiko, usiridhike na jina la mkondo. Na matokeo ya KCSE ya nyuma, mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe wangapi walipata A, wangapi B, mpaka E. Wastani peke yake unaficha watoto. Uganda nanyi, kwenye mtaala mpya wa Senior One mpaka Four ulioanza 2020, asilimia 20 ya alama za mwisho zinatokana na kazi anayoipima mwalimu shuleni. Mwalimu asipoonekana darasani, hizo 20 anazipima nani?

Karatasi zimekwisha. Sasa nendeni mkaione shule. Na muende Jumanne.

Mnacheka. Jumatatu kuna mkutano wa asubuhi, kila mtu amechana nywele. Ijumaa watu wameshaanza safari za wikiendi. Siku ya wazazi ndiyo kabisa, hata mawe yamepakwa chokaa. Jumanne saa nne asubuhi, bila kuitwa, bila kupiga simu, umevaa kawaida, ndiyo siku ya kuiona shule. Pita ofisini ujitambulishe, usije ukaonekana mwizi, useme natafuta nafasi ya mtoto naomba nione mazingira. Mkuu wa shule akikuzuia kabisa, umeshajifunza kitu. Akikupa mwanafunzi akutembeze, afadhali zaidi, maana wanafunzi hawajui kudanganya muda mrefu.

Pita nje ya madarasa. Madarasa mangapi yana mwalimu ndani? Shule ndogo ina mikondo minne, mitano. Ukikuta mwalimu kwenye madarasa mawili, na matatu yanajisomea yenyewe, kaa chini ya mti usubiri kipindi kifuatacho. Kama bado ni mawili, ondoka. Usijali jengo. Nimefundisha kwenye darasa ambalo mvua ikinyesha tunasimama katikati, na watoto wale walifaulu Hisabati kuliko wenzao wa ghorofani.

Kisha, na hili ndilo ninaloliamini kuliko yote: omba daftari. Daftari la mtoto wa kidato cha pili, la Hisabati au Kiingereza, mtoto yeyote, wewe mwenyewe mchague. Lifungue. Hata kama hukusoma, tarehe unazijua. Tarehe zinafuatana? Kuna wiki ngapi katikati hazina kitu? Kuna kalamu nyekundu? Na ile nyekundu ni alama ya vema moja kubwa kuanzia juu mpaka chini, ambayo mwalimu ameipiga akiwa anazungumza na simu, au imesimama kwenye kosa ikaandika kitu? Daftari halijui kupamba. Mwalimu akisahihisha watoto 35, anaweza kufika kwenye kosa la kila mmoja. Akisahihisha 110, jamani hata kama ni malaika, atapiga vema kubwa. Faida ya shule ndogo iko hapo, kama ipo. Kama daftari la shule ya watoto 150 linafanana na la shule ya watoto 1,500, basi udogo wake haukusaidii chochote, umepata ufukara tu bila faida yake.

Msinielewe vibaya hapo. Shule za kata nyingi tulizijenga wenyewe, mawe tulibeba kichwani, tangu mpango wa maendeleo ya sekondari ulipoanza 2004. Tulizidharau pia wenyewe, tukaziita Kayumba. Dharau ile haikuwa haki, lakini na mimi sitaki tuanze sasa kuzisifu kwa sababu ya huruma. Iko ndogo nzuri na iko ndogo mbaya, na zinaweza kuwa kilomita nane kutoka moja hadi nyingine.

Nieleze ile nzuri inavyokuwa, maana niliishi ndani yake. Mtoto asipofika siku mbili, siku ya tatu mwalimu wa darasa anamwuliza jirani yake, na jioni mtu amefika nyumbani kwao. Si sheria hiyo, ni kwamba nafasi yake inaonekana iko tupu. Kwenye darasa la 30, kiti kimoja kikiwa tupu kinakutazama. Mwaka mmoja tulikuwa na binti wa kidato cha tatu, alikuwa hodari, akaanza kukosa Ijumaa. Kila Ijumaa. Mwalimu wa zamu akagundua kwa kutazama mahudhurio. Kumbe ni siku ya soko, mama yake anaumwa mgongo, binti ndiye anayebeba viazi. Tukakaa na mama, tukapata kijana wa kubeba. Basi. Shule kubwa ingempa adhabu, au isingejua.

Sasa njia. Hapa naomba akina baba muache simu kidogo.

Shule ndogo ya kijijini mara nyingi ni ya kutwa, na kijiji chetu hiki kimetawanyika. Kilomita sita kwenda, sita kurudi. Mtoto wa kiume anafika amechoka. Wa kike anafika amechoka, na njiani kuna bodaboda anayempa lifti. Lifti ya kwanza ni bure, ya pili ni bure, ya tatu si bure. Mnajua ninachosema. Tanzania tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini tusifanye mipango tukitegemea hilo.

Na wanaokwepa njia wanapanga geto. Kwa wapendwa wa ng'ambo ambao neno hili si lenu: geto ni chumba ambacho wanafunzi wawili, watatu wanakipanga karibu na shule, wanapika wenyewe, wanalala wenyewe, miaka kumi na minne, kumi na mitano. Mzazi anapeleka unga na dagaa mwisho wa mwezi, na nusu yake hajui kinachofanyika pale Jumatano usiku. Nasema wazi mbele ya watumishi: shule nzuri yenye geto ni mbaya kuliko shule ya wastani ambayo mtoto analala nyumbani. Kama kuna hosteli ya shule yenye matroni, kaone hosteli, uliza matroni analala wapi. Kama analala kwake kijijini, hiyo ni geto kubwa tu.

Huko ndiko ushirika huu ungeweza kufanya kitu, tuache kuombeana kwa mbali. Tuna familia zetu karibu na shule hizi, pande zote tatu za mipaka. Mtoto wa Isebania anaweza kulala kwa mpendwa, wa Sirari vilevile. Lakini nasema na hili, msinune: mwenyeji kuwa mpendwa haitoshi. Nenda ukaone chumba. Uliza nani mwingine analala humo ndani. Elewaneni kazi za nyumbani ni zipi, asije akawa mfanyakazi wa bure mwenye sare ya shule. Na nenda tena na tena.

Mnamkumbuka Hana. Alimpeleka Samweli Shilo, kwenye nyumba ambayo wenye nyumba wenyewe, wale wana wa Eli, walikuwa wameharibika. Sisi tukihubiri tunaishia kwamba alimtoa mtoto kwa Bwana. Lakini imeandikwa pia kwamba mwaka kwa mwaka alikuwa akimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Mimi mshonaji kidogo, nikajiuliza, vipimo alivitoa wapi? Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mtoto. Lazima alikuwa anamwangalia, anamzungusha, anampima mabega kwa macho, anarudi nyumbani anakumbuka. Sisi tunatuma pesa kwa simu. Simu haikuonyeshi mabega.

Lugha, nipite haraka ingawa ni jambo zito. Tanzania mtoto wa shule ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza Januari masomo karibu yote ni Kiingereza. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa wa tatu darasani anakuwa bubu. Si mjinga, hasikii. Shule ndogo ikiwa na mwalimu anayewashika mkono wiki zile za mwanzo, akawafundisha Kiingereza kabla ya kuwamwagia Baiolojia, hiyo ishike kwa mikono miwili. Uliza: Januari mnaanzaje na watoto wa kidato cha kwanza? Jibu la "tunaanza na mtaala" si jibu zuri.

Na wale mnaovusha watoto mpaka, kwa sababu ya lugha au kwa sababu karo ya upande mmoja ni nafuu: mtoto apate kibali cha mwanafunzi, msimpitishe njia za panya kila Jumatatu kama sukari. Na mjue cheti cha nchi moja mkitaka kukitumia chuo cha nchi nyingine, lazima kilinganishwe na baraza la mitihani au mamlaka inayohusika ya huko. Inawezekana, watoto wetu wamefanya, lakini inachukua muda na fedha, na haifanyiki wiki ya mwisho ya maombi ya chuo.

Fedha. Tanzania ada ya sekondari ya serikali mpaka kidato cha nne ilifutwa Januari 2016. Ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kenya elimu ya kutwa ya upili ilianza kugharamiwa na serikali 2008, Uganda mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo tunasema bure. Si bure, mnajua. Sare, madaftari, chakula cha mchana, viatu vinavyokwisha kwa ile barabara. Ila ukilinganisha na ada ya bweni, kuna kitu kinabaki mfukoni, na hapo ndipo wazazi wengi wa shule ndogo tunapokosea. Kinabaki, tunakila. Ng'ombe hakuuzwa, tunamshukuru Mungu, na mtoto anasoma kwa kibatari bila kitabu hata kimoja cha Fizikia. Kama umeamua shule ndogo, ile tofauti ni ya mtoto. Taa ya sola. Vitabu vinne. Na wazazi kumi mkichanga, mnampata mhitimu wa chuo anayekaa nyumbani bila ajira, akaja kufundisha lile somo lisilo na mwalimu, kwa idhini ya mkuu wa shule na bodi. Sisi kule milimani tulifanya hivyo kwa Fizikia. Kijana alikaa miaka mitatu. Mwaka wa pili wake watoto kumi na mmoja walifanya mtihani wa Fizikia, mwaka kabla yake hawakufanya hata mmoja. Sitasema wote walifaulu. Saba walifaulu. Mmoja wao yuko zahanati moja hapa Tarime, amenidunga sindano mwezi wa tano, mkono wake mwepesi.

Kuna watoto ambao shule ndogo ya kijijini haiwafai, na niseme. Mtoto mwenye ulemavu anayehitaji mwalimu aliyesomea kazi hiyo na vifaa vyake, usimbanie nyumbani kwa kuwa ni karibu. Na binti ambaye nyumbani ndiko kwenye hatari, Desemba ikifika anaanza kuogopa ukoo wake mwenyewe, wenyeji wa pande hizi mnanielewa bila kutafsiriwa, huyo mtafutie bweni, hata la mbali, hata kwa deni. Ng'ombe wa namna hiyo auzwe.

Hapa Tanzania mtu ataniambia, mwalimu, mbona shule ya serikali hatuchagui, Desemba tunapangiwa? Ni kweli. Lakini ukishapangiwa unaamua: unapeleka, unaomba uhamisho kwenda ile nyingine ya kilomita nane, au unauza ng'ombe. Uamuzi huo watu wengi wanaufanya kwa siku tatu, sare imeshashonwa. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba. Kuanzia leo mpaka Desemba kuna Jumanne nyingi.

Naona Mchungaji ananionyesha saa, na harufu ya wali imeshafika. Maswali nitayapokea chini ya ule mti wa nyuma, njooni na jina la shule, nina simu yenye chaji na kijana wa kunifungulia matokeo. Yule mama wa jana, mwenye kitambaa, asubuhi nilimtafuta kwenye chai. Shule ya kijijini kwao siijui, sikuwahi kufika. Tumekubaliana Jumanne tunakwenda wawili, gari la saa kumi na mbili asubuhi kutoka stendi. Kama kuna mwingine wa njia hiyo, nafasi ipo, nauli ajilipie.